Ardhi ya Bure: Sheria ya Mashamba ya Marekani ya Mwaka 1862

Somo la redio la historia kwa madarasa ya watu wazima

Walimu wa madarasa, tafadhali hakikisheni kwamba kila mtu amekaa mahali anaposikia vizuri, na ramani ya dunia iwe ukutani. Kabla hatujaanza, andikeni ubaoni maneno manne kwa herufi kubwa: EKA, MPAKA, MLOWEZI, HATI. Yasomeni pamoja kwa sauti.

Vizuri. Eka ni kipimo cha ardhi. Shamba la eka moja ni kubwa kidogo kuliko nusu ya uwanja wa mpira wa miguu. Mpaka mnaujua, maana ni vijiji vichache visivyokuwa na kesi ya mpaka. Mlowezi ni mtu aliyehama kwao akaenda kukaa katika nchi nyingine na kuifanya yake. Na hati ni karatasi ya serikali inayosema kwamba kitu fulani ni mali ya mtu fulani. Somo la leo litaonyesha jinsi maneno haya manne yalivyoijenga nchi ya Marekani, na jinsi yalivyowavunja watu wengine.

Tuanze na mtu mmoja maskini. Jina lake Thomas Lincoln, naye alikuwa mkulima na seremala katika jimbo la Kentucky. Hakusoma shule. Aliweza kwa shida kuandika jina lake tu. Alinunua mashamba kwa fedha zake za jasho, lakini hakukaa nayo kwa amani. Kwa nini? Kwa sababu katika Kentucky ya siku zile mipaka ilipimwa ovyo: kutoka mti huu mpaka jiwe lile, kutoka jiwe lile mpaka kijito. Mti ukianguka, mpaka umepotea. Mara nyingi watu wawili au watatu walishika hati za shamba moja, na mwenye fedha ya kumlipa wakili ndiye aliyeshinda. Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Thomas Lincoln alikuwa na daftari, lakini daftari bovu. Basi mwaka 1816 alichoka, akafunga mizigo, akahamia jimbo la Indiana pamoja na mkewe na watoto wake. Mmoja wa watoto hao alikuwa na umri wa miaka 7. Jina lake Abraham. Mlishikeni jina hilo, tutakutana naye tena.

Kwa nini alikwenda Indiana? Sababu moja ni kwamba Kentucky ilikuwa na utumwa, na Indiana haikuwa nao. Lakini sababu kubwa ilikuwa mipaka. Huko Indiana serikali ilikuwa imepima ardhi kabla ya kuiuza. Sheria ya upimaji ilitungwa mwaka 1785. Wapima ardhi walikwenda porini na mnyororo wa chuma wenye urefu wa futi 66, wakaikata nchi katika miraba. Mraba mkubwa ulikuwa na maili 6 kila upande. Ndani yake mlikuwa na miraba midogo 36, kila mmoja maili moja kwa maili moja, yaani eka 640. Robo ya mraba mdogo ni eka 160. Tena sheria ile iliamuru kwamba katika kila miraba 36, mraba wa namba 16 uwekwe kwa ajili ya shule. Hilo lilikuwa jambo jema, nasi tulio wanafunzi yafaa tulikumbuke.

Mwalimu, chora ubaoni mraba mkubwa wenye vyumba 36. Hivyo ndivyo sehemu kubwa ya Marekani ilivyogawanywa, mraba juu ya mraba, bila kujali mlima wala mto.

Sasa, hapo mwanzo ardhi hii iliuzwa, haikutolewa bure. Maskini wengi hawakuwa na fedha za kununua. Wakaenda porini bila ruhusa, wakalima, kisha wakaiomba serikali iwatambue. Mwaka 1841 serikali ilikubali kwamba mtu aliyekwisha kukaa katika ardhi isiyouzwa bado anaweza kununua eka 160 kwa bei ya dola moja na senti 25 kwa eka. Lakini watu walitaka zaidi. Walitaka ardhi ya bure.

Wakubwa wa majimbo ya kusini walipinga. Wao walikuwa na mashamba makubwa ya pamba yaliyolimwa na watumwa, na waliogopa kwamba nchi mpya zikijaa wakulima wadogo wasiokuwa na watumwa, utumwa wenyewe utakufa. Mwaka 1860 baraza la Congress lilipitisha sheria ya kugawa ardhi, lakini Rais James Buchanan alikataa kuitia sahihi. Mwaka uliofuata vita vya ndani vilianza, na wabunge wa kusini walikuwa wameondoka. Basi tarehe 20 Mei 1862 sheria ile ilitiwa sahihi na rais mpya. Rais huyo alikuwa Abraham Lincoln, yule mtoto wa miaka 7 ambaye baba yake alihama kwa ajili ya kesi za mipaka.

Sheria hiyo tutaiita Sheria ya Mashamba ya Makao. Masharti yake yalikuwa mepesi kueleza. Mwombaji awe na umri wa miaka 21 au awe mkuu wa jamaa. Awe raia wa Marekani, au mgeni aliyekwisha kutangaza nia ya kuwa raia. Asiwe amechukua silaha kupigana na serikali. Achague eka 160 zilizopimwa, ajenge nyumba, akae humo miaka 5, alime. Ada zote pamoja zilikuwa kama dola 18. Miaka 5 ikitimia, alete mashahidi wawili waseme kwamba ni kweli amekaa na amelima. Hapo alipewa hati, na shamba likawa lake na la watoto wake.

Tazameni maana ya jambo hilo. Sheria haikuuliza baba yako ni nani, wala una ng'ombe wangapi. Mwanamke asiyeolewa na mjane waliweza kuandikisha shamba kwa majina yao, katika siku ambazo wanawake wengi wa Marekani hawakuwa na haki ya kupiga kura. Wageni maskini walikuja kutoka Ujerumani, Norway, Sweden na nchi nyingine, watu ambao kwao walikuwa wakilima mashamba ya mabwana. Sheria ilianza kazi tarehe 1 Januari 1863, na siku ile ile mtu mmoja, Daniel Freeman, aliandikisha shamba karibu na mji wa Beatrice, Nebraska. Shamba hilo leo limehifadhiwa na serikali ili watu walitazame. Kwa jumla, hati zaidi ya milioni 1.6 zilitolewa, na ardhi iliyogawiwa ilifika kama eka milioni 270. Ukubwa huo unapita nchi nzima ya Tanzania.

Lakini msidhani kwamba ilikuwa raha. Katika nyanda za Kansas, Nebraska na Dakota miti ilikuwa haba. Walowezi walikata udongo pamoja na mizizi ya majani, wakaupanga kama matofali, wakajenga nyumba za udongo. Mvua iliponyesha, dari ilivuja matope. Wakati wa baridi theluji iliziba milango. Mwaka 1874 nzige walishuka kwa wingi wa kutisha, wakala mahindi, wakala ngano, wakaacha mashamba matupu. Maelfu na maelfu ya watu waliacha mashamba yao kabla ya miaka 5 kutimia. Wengine walipata hati, kisha wakaiweka rehani kwa benki ili wanunue plau na mbegu, na mavuno yalipokosa, shamba likaenda.

Tena wako wajanja walioiba kwa kutumia sheria. Wenye fedha waliwalipa watu waandikishe mashamba kwa majina yao, kisha wayakabidhi. Wengine walijenga vibanda vya uongo, wakaapa kwamba ni nyumba. Na mwaka ule ule wa 1862 serikali ilianza kuyapa makampuni ya reli vipande vikubwa vya ardhi kando ya njia ya kuelekea bahari ya Pasifiki. Kwa muda wa miaka, makampuni ya reli yalipata zaidi ya eka milioni 120 kutoka kwa serikali kuu. Mkulima alipewa eka 160. Kampuni ilipewa mamilioni.

Na watu weusi je? Sheria ilipotungwa, wengi wao walikuwa watumwa, na mahakama kuu ilikuwa imesema mwaka 1857 kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Baada ya vita, mambo yalibadilika. Mwaka 1866 sheria nyingine ilifungua ardhi ya serikali katika majimbo 5 ya kusini, ili watumwa waliofunguliwa wapate mashamba. Lakini ardhi nyingi iliyobaki ilikuwa mbaya, waombaji hawakuwa na fedha za kuanzia, na Wazungu wa huko waliwatisha. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1876. Mwaka uliofuata kundi la watu weusi kutoka Kentucky walikwenda mbali, Kansas, wakaanzisha mji wa Nicodemus. Mwanzo waliishi katika mashimo waliyochimba ardhini. Yasimuliwa kwamba katika baridi ile ya kwanza wawindaji wa taifa la Osage walipita, wakawapa nyama. Mji wa Nicodemus upo hata leo.

Basi tumefika penye swali kubwa la somo hili. Hao wawindaji wa Osage walikuwa ni nani, na walikuwa wakipita wakielekea wapi? Kwa maneno mengine: ardhi ya bure ilikuwa ya nani kabla ya kuitwa ya bure?

Ilikuwa na wenyewe. Mataifa mengi yalikaa humo tangu zamani: Wacherokee, Waosage, Wasioux, Wapawnee na wengine. Wazungu waliwaita wote Wahindi kwa makosa ya Columbus, aliyedhani amefika Uhindi. Serikali ya Marekani ilisema imeinunua nchi ile. Ni kweli kwamba mwaka 1803 ilinunua nchi kubwa sana kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15. Lakini Ufaransa iliuza nini? Iliuza nyumba iliyokuwa na watu ndani, na watu hao hawakuulizwa.

Kisha serikali ilifanya mikataba na kila taifa. Mikataba iliandikwa kwa Kiingereza. Wakuu wengi hawakujua kusoma lugha hiyo. Walisomewa na mkalimani, wakagusa kalamu, na karani akaandika alama ya X mbele ya majina yao. Ninyi mnaojifunza kusoma mtaelewa uzito wa alama ile. Mwaka 1868, huko Fort Laramie, Wasioux waliahidiwa kwa mkataba kwamba nchi yao, pamoja na milima iitwayo Black Hills, itakuwa yao. Mwaka 1874 dhahabu ilionekana katika milima hiyo. Mwaka 1877 serikali iliichukua. Zaidi ya miaka 100 ilipita. Mwaka 1980 mahakama kuu ilikubali kwamba Wasioux walipwe, fedha zaidi ya dola milioni 100. Wao wakakataa. Walisema hawakuuza milima yao, na wanaitaka milima.

Labda mwanafunzi mmoja atasema: wangalijua kusoma, wasingalidhulumiwa. Kusoma ni silaha, lakini sikilizeni habari za Wacherokee. Mwaka 1821 mtu wao mmoja, Sequoyah, ambaye hakujua kusoma Kiingereza, alimaliza kutunga herufi za lugha yao. Watu wakajifunza kwa haraka. Mwaka 1828 walikuwa na gazeti lao. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1832 mahakama kuu iliamua kwamba jimbo la Georgia halina amri juu ya nchi yao. Hukumu ilikuwa yao, lakini nguvu haikuwa yao. Mwaka 1838 askari waliwatoa katika nyumba zao, wakaongozwa magharibi kwa njia ndefu, na watu kama 4,000 wakafa. Huko walikopelekwa waliahidiwa kwamba hawatasumbuliwa tena.

Ahadi hiyo ilikaa miaka mingapi? Tarehe 22 Aprili 1889 sehemu moja ya nchi hiyo, Oklahoma, ilifunguliwa kwa walowezi. Watu kama 50,000 walipangwa mpakani, juu ya farasi na magari. Saa sita mchana ishara ilitolewa, wote wakatimua mbio kugombea mashamba. Tarehe 16 Septemba 1893 walikimbia tena, na safari hii zaidi ya watu 100,000, katika nchi ambayo Wacherokee walishurutishwa kuiuza.

Katikati ya mambo hayo, mwaka 1887, ilitungwa sheria iitwayo Sheria ya Dawes. Ilisema kwamba ardhi ya ukoo na ya taifa zima ivunjwe, kila mkuu wa jamaa apewe eka 160 zake peke yake, na kitakachozidi kiuzwe kwa walowezi. Watetezi wake walisema ni kwa faida ya Wahindi, wapate kuwa wakulima kama Wazungu. Mwaka 1887 mataifa hayo yalikuwa na eka kama milioni 138. Mwaka 1934, sheria ilipokomeshwa, yalibaki na eka milioni 48. Mpimieni mtu mraba, mwandikieni hati, kisha mwacheni na kodi na madeni. Baada ya kizazi kimoja tazameni hati iko mkononi mwa nani.

Ardhi nayo ililipa. Mwaka 1878 mtaalamu wa serikali, John Wesley Powell, aliandika kwamba upande wa magharibi mvua ni chache, na eka 160 hazitoshi. Alishauri mashamba ya malisho yawe ya eka 2,560, na mipaka ifuate maji, isifuate miraba. Hakusikilizwa. Baadaye serikali iliongeza eka, zikawa 320 mwaka 1909, na 640 za mifugo mwaka 1916. Walowezi wakalima nyanda kavu ambazo kwa karne nyingi majani yalikuwa yameushika udongo. Katika miaka ya 1930 ukame ulikuja. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu jeusi la vumbi lilifunika nchi, mchana ukawa usiku. Mamia ya maelfu ya watu walihama. Sheria iliweza kuigawa ardhi kwa miraba, lakini haikuweza kuigawa mvua.

Sheria ya Mashamba ya Makao ilifutwa mwaka 1976, na katika Alaska mwaka 1986. Lakini alama zake zipo. Ukiruka kwa ndege juu ya Kansas unaona miraba mpaka upeo wa macho, na barabara zikikatana kila maili moja. Mamilioni ya Wamarekani wa leo ni wajukuu wa walowezi wale, na wengi walianza maisha kwa urithi uliotokana na hati ile, hali wajukuu wa watumwa na wa Wahindi wengi hawakuanza na kitu.

Alama nyingine ziko katika fikira. Mwaka 1893 mwanahistoria Frederick Jackson Turner alisema huko Chicago kwamba ni ardhi ya mpakani iliyomfanya Mmarekani kuwa mtu wa kujitegemea. Watu wengi waliamini hivyo, na wengi wanaamini bado: kwamba wao walijijenga wenyewe kwa mikono yao, bila kusaidiwa. Mwaka 1935 Laura Ingalls Wilder alichapisha kitabu chake maarufu cha watoto juu ya nyumba ndogo nyandani. Vizazi vimekipenda. Lakini nyumba ya kweli ya jamaa yake huko Kansas ilijengwa juu ya ardhi ya Waosage. Na hata leo jimbo la Oklahoma linajiita kwa fahari jina la wale walowezi walioingia kwa siri kabla ya ishara kutolewa. Timu ya mpira ya chuo kikuu cha huko ina jina hilo hilo. Wizi wa jana umekuwa wimbo wa leo.

Basi tuseme nini? Tusiseme kwamba sheria ile ilikuwa mbaya tupu. Mjane maskini wa Norway aliyeshika hati yake hakuwa mwizi moyoni mwake. Alifanya kazi mpaka mikono ikapasuka. Wala tusiseme ilikuwa njema tupu. Sisi husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule mgeni alikuja, mwenyeji akafukuzwa. Ardhi ile haikuwa ya bure. Ilikuwa na bei, ila aliyelipa siye aliyepewa risiti.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ardhi fulani ni tupu, au inatolewa bure, uliza maswali matatu. Nani aliipima? Nani alikuwa humo kabla ya kupimwa? Na hati imeandikwa kwa lugha ya nani?

Walimu, sasa zimeni redio mzungumze. Maswali ni haya:

1. Kwa nini Thomas Lincoln alihama Kentucky?
2. Masharti ya sheria ya mwaka 1862 yalikuwa nini?
3. Wacherokee walijua kusoma, na mahakama iliwapa haki. Walikosa nini?
4. Kwa nini Wasioux walikataa fedha? Ungalikuwa wewe, ungalifanyaje?

Kwa kazi ya nyumbani, kila mmoja aandike sentensi tano juu ya mpaka mmoja anaoujua: uko wapi, umewekewa alama gani, na ni nani anayeukumbuka.

Kwaherini, na masomo mema.